Shangazi Pelagia Kwenye Mlango wa Mataji

Aibu zangu nyingi nimezisahau, mtu akiishi miaka mingi kama mimi hawezi kuzibeba zote, lakini hii ya picha za Ba imenigandia, na mpaka leo nikialikwa mahali nikaona shuka jeupe limetandazwa ukutani na mashine ya picha inawashwa, naaga, nasema mgongo unauma, natoka. Wajukuu wanadhani naogopa giza. Siogopi giza. Naona haya, na zaidi ya haya nina hasira, maana nililaumiwa peke yangu wakati tuliokosea tulikuwa wengi, na majina yao ninayo, nitayataja.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na mimi Theodora nilikuwa nafanya kazi Mwanza mjini kwenye studio ya picha ya Bwana Kanti, Mhindi wa wale wasiokula nyama wala samaki wala yai. Sikuwa mpiga picha. Nimeishia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kufagia, kuwachana wateja nywele, kuwavisha koti na tai ya studio (koti lilikuwa moja, lilivaliwa na mji mzima, na ukiingia nyumba za watu wa rika langu ukatazama picha za ukutani utaliona, kila baba wa familia kalivaa), halafu kuwasimamisha mbele ya pazia lililochorwa maua, nyoosha shingo, shika redio, usicheke. Miaka sita nilisimama nyuma ya Kanti nikimtazama anavyofanya, mpaka ikawa siku akiumwa napiga mimi, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudisha picha. Hilo naomba mlikumbuke.

Kanti alikuwa na mama yake, sote tulimwita Ba, ndivyo wao wanavyomwita mama. Ba alizaliwa Ukerewe, baba yake alikuwa na duka kule karibu na gati la Nansio, na Kikerewe chake kilikuwa safi kuliko changu mimi Mkerewe niliyekulia mjini. Basi kule kisiwani, mwendo wa saa moja kutoka kijiji cha shangazi yangu, kuna jiwe kubwa linatazama ziwa, na juu ya jiwe hilo Wahindi wa zamani walijenga hekalu dogo, chumba kimoja tu na ngazi saba, na ndani wakamweka mama yao wa kimungu, wanamwita Mataji, amepanda simba. Ba aliolewa mbele yake. Mumewe, Mzee Vithal, alipofariki, majivu yake yalimwagwa ziwani kutoka kwenye jiwe lile.

Sasa familia ilikuwa inahamia Uingereza kwa kaka yake Kanti, moja kwa moja, siyo kutembea. Ba miguu ilikuwa imevimba, meli hawezi kupanda, ngazi hawezi, na alikuwa amesema mbele ya watoto wake wote kwamba akiondoka hatarudi, atafia huko, na hataki kufa bila kumwona Mataji mara moja tena, hata kama ni kwenye picha. Kanti hakuweza kwenda. Alikuwa anashinda maofisini na makaratasi ya safari, tena aliogopa, kwa sababu aliwahi kusimamishwa gatini nusu siku nzima akiulizwa anapiga picha za nini na anampelekea nani. Basi akanitazama mimi.

Ba mwenyewe aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto. Akaniambia, “Dora, mwanangu, ngazi piga ukitaka, ziwa piga ukitaka. Mimi niletee uso wake.”

Nikasema nitauleta. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Filamu za rangi zilikuwa hazionekani madukani. Kanti alikuwa nayo moja, aliletewa na kaka yake, ya picha ishirini, za aina ile isiyochapwa kwenye karatasi: inapelekwa nje kusafishwa, inarudi vipande vidogo vidogo, unavionyesha ukutani kwa mashine ya taa, kama sinema isiyotembea. Akanihesabia kwa vidole. Tatu za jiwe kwa mbali, nne za ngazi, nne za mlango, tano za Mataji, nne za ziwa pale majivu yalipomwagwa. Ishirini. Nikarudia kama kasuku. Kesho yake nikapanda meli, kamera nimeifunga ndani ya kanga tatu.

Shangazi yangu Pelagia, dada yake marehemu baba, alinipokea kwa furaha sana, nikamwamkia, akaitikia, akanipa maji ya kuoga, akaua kuku, na wakati tunakula akauliza ile kanga imefunga nini. Nikamwambia. (Ningesema ni pasi ya mkaa hadithi ingeishia hapo, nimelifikiria jambo hili miaka mingi.) Shangazi akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani.

Nikamweleza kwamba filamu ni ya watu, imehesabiwa, ina kazi yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Nimekubeba mgongoni wewe ukiwa na surua, mama yako kakata tamaa. Leo umekuja na mashine ya picha mpaka kwangu, utapiga mawe, mimi utaniacha?”

Nani mwenye shangazi anaweza kujibu neno hilo? Nikapiga moja. Nilijiambia ni moja tu, ngazi zitakuwa tatu badala ya nne, Ba mwenyewe kasema ngazi siyo kitu. Lakini nilipobonyeza shangazi akafumba macho, nikapiga ya pili.

Na kijijini habari hazitembei, zinaruka. Kabla jua halijazama uwanja umejaa. Akaja Mzee Bituro anasukuma baiskeli, siyo yake, anataka asimame nayo. Akaja fundi Masatu na cherehani kichwani. Akaja Kornelia na mama mkwe wake Mama Nestori, nikashukuru, nikasema hawa watakaa pamoja, kumbe walikuwa hawasemezani tangu msimu wa mihogo, kila mmoja akataka ya peke yake, na mama mkwe akataka mbili kwa kuwa ni mkubwa. Kila nilipokataa nilijibiwa jibu moja: shangazi yako umempiga, sisi siyo watu? Nikalala nimebakiwa na kumi na mbili, na usingizi sikuupata vizuri.

Asubuhi nikaamka mapema nikimbilie kwenye jiwe kabla watu hawajaamka vizuri, na nani nimemkuta mlangoni? Katibu wa kijiji, Ndugu Mazigo, na kalamu mfukoni. Tukasalimiana. Akaomba kuiona kamera, akaitazama mbele na nyuma, akauliza imetoka wapi na ina picha ngapi na za nini, na mimi mjinga nikamweleza kila kitu kwa heshima, Ba, Mataji, Uingereza. Akatingisha kichwa taratibu.

“Kwa hiyo,” akasema, “hekalu la Wahindi lina picha ishirini. Shamba la kijiji lina ngapi?”

Akaendelea kwamba zile picha zinakwenda Ulaya, na watu wa Ulaya watadhani Ukerewe kuna mawe na masanamu tu, hakuna maendeleo, na je, mimi kama Mtanzania ningependa wadhani hivyo? Wenzangu, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kamera ya watu, na mtu anayeweza kunizuia nisipande meli ameishika mkononi. Twende shambani. Watu walipangwa mistari miwili kwenye pamba, majembe juu, majembe chini, na yeye Mazigo mbele ameshika jembe ambalo naapa ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana, alilishika kama anashika nyoka. Nane zilikwenda pale. Nane! Moja amenyoosha kidole ziwani, sijui alikuwa anamwonyesha nani nini.

Nikabakiwa na nne, na jua limeshakuwa kali. Shangazi akasema atanisindikiza, na akaja na tungo la sato sita, wabichi, wakubwa, zawadi ya kumpelekea Ba. Nikamkumbusha kwamba watu wale hawali samaki, hata harufu hawaitaki. Akasema mgeni haondoki mikono mitupu kwake, Ba akikataa atawapa wageni wake. Kuna vita mtu hupigani.

Tulipofika kwenye jiwe nikavua viatu, kama Ba alivyonifundisha. Shangazi akacheka, akasema, “Mimi sijavaa viatu tangu nizaliwe, basi huyo Mungu wao kanisubiri siku nyingi.” Nikapiga ya jiwe, nikapiga ya ngazi. Nikapanda ngazi, kwenye ya tano mguu ukateleza, kidole kikabonyeza chenyewe, nikasikia mlio, ikawa imekwenda ya mbinguni. Ndipo nilipoiangalia kamera kama imeumia, nikaona kifuniko cha kioo kinaning'inia na uzi wake, kumbe tangu nilipokifunga kule shambani sikukitoa, zile mbili nimepiga giza, na kwa kuteleza kule ndipo kilipolegea. (Kamera ile unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unaona kila kitu hata kama kioo kimefunikwa. Kanti alisahau kuniambia. Jina lingine kwenye orodha yangu.)

Imebaki moja.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wananiona mpumbavu na mimi naona nilikuwa na akili zangu. Mlango ulikuwa wazi, na jua limeingia mpaka kwa Mataji, anaonekana vizuri juu ya simba wake, mwekundu na wa dhahabu. Ningepiga hivyo hivyo, yamekwisha. Lakini miaka sita ya studio ilikuwa imenifundisha kwamba picha ni mtu. Kwetu picha isiyo na mtu ilikuwa ya namna mbili: ya kaburi na ya nyumba iliyoungua. Nikawaza, bibi wa watu anaondoka moja kwa moja, picha yenyewe ni moja, nimpelekee chumba kitupu kama cha marehemu? Nitamweka shangazi pembeni ya mlango, mtu wa nyumbani, kama anayekaribisha, na Mataji katikati. Ba atafurahi. Shangazi nikamwambia weka samaki chini. Akatazama juu, mwewe wawili wanazunguka, akakataa.

Nikarudi nyuma ngazi tatu. Nikachungulia. Na kitu mpiga picha wa studio anachokiogopa kuliko vyote ni kukata kichwa cha mteja, maana mteja aliyekatwa kichwa hachukui picha, basi macho yangu yote yalikuwa kwenye kilemba cha shangazi, kilikuwa kirefu, nikainua kamera kidogo, nikashusha, kilemba kimeingia chote, nikabonyeza. Kwamba wakati huo shangazi alikuwa amejisogeza taratibu mpaka katikati ya mlango, kwa kuwa yeye naye alijua mtu kwenye picha anasimama katikati, hilo sikuliona.

Nikarudi Mwanza. Samaki nilimwachia mama mmoja gatini. Kanti akauliza, zimetoka? Nikasema, zimetoka zote ishirini. Sikusema uongo hata neno moja, na sijawahi kusema kitu cha uongo kuliko kile.

Wiki tano zikapita filamu iko nje. Kila asubuhi nilitaka kumwambia Kanti, kila asubuhi nikaona ile moja ya mwisho itaniokoa, zile nyingine ataziweka pembeni mwenyewe kabla Ba hajaziona. Kumbe kifurushi kiliingia posta siku ile ile ya kuwaaga. Jumuiya yao yote ilikusanyika ukumbini saa kumi na moja jioni, wanawake na sari zao nzuri, vyakula vimepangwa, madirisha yamefunikwa mablanketi, shuka ukutani, Ba kwenye kiti cha mbele kabisa. Na Kanti akaja mbio na kifurushi hakijafunguliwa, akatangaza kwamba hata yeye hajaziona, mama yake ndiye atakuwa wa kwanza. Fundi wa picha! Hakuweza kuinua hata moja mbele ya balbu akaitazama? Wote waliosema mimi sina akili, huyo walimpigia makofi.

Mimi nilikuwa nyuma, na sinia la chai.

Taa ikawaka. Shangazi Pelagia, ukuta mzima, macho amefumba. Watu wakanyamaza kwa adabu. Shangazi Pelagia, macho amefumbua. Mzee Bituro na baiskeli. Kanti akacheka kidogo, akasema hizo za mwanzo ni za kujaribia mashine. Fundi Masatu. Kornelia. Mama Nestori. Mama Nestori tena. Majirani mpaka wakaisha. Halafu pamba, majembe juu, majembe chini, Ndugu Mazigo, Ndugu Mazigo, Ndugu Mazigo na kidole chake, na mzee mmoja wa Kihindi akauliza kwa sauti kama hizi picha zimetoka Wizara ya Kilimo. Hapo walicheka. Ba hakucheka, alikuwa ameinama mbele anasubiri. Ikaja giza, ikaja giza la pili, ikaja mbingu.

Kisha ikaja yenyewe. Ngazi zimeonekana, mlango umeonekana, kilemba kimeingia chote hakuna kilichokatwa, na katikati ya mlango, mahali pa Mataji, shangazi yangu amesimama kama askari, na kwenye mkono wake wa kulia sato sita wanang'aa, midomo wazi. Pembeni ya gauni unaona mkia wa simba. Mkia tu.

Mama Hansa, mke wa muuza vitambaa, akavuta sari yake akaziba pua, kana kwamba sato wananuka kwenye shuka. Mwingine akasimama akatoka. Na mimi, jamani, sijui nilifikiri nini, nikaweka sinia chini nikakimbia mpaka mbele nikasimama kwenye shuka na mikono nimeitanua, nizibe. Unaizibaje taa? Picha ikanirukia mimi. Nilipoangalia chini nikaona sato wananing'inia kifuani kwangu, na kilemba cha shangazi kimenikaa usoni, na ukumbi mzima ulioudhika sekunde moja nyuma sasa unacheka mpaka watu wanashikana. Kanti alizima mashine. Akaniambia mbele ya wote, “Toka, Dora.” Miaka sita, neno lenyewe ndilo hilo.

Nilikaa uani mpaka watu wakaondoka, nalia kwa hasira, namlaani Mazigo, namlaani Mama Nestori na zile mbili zake. Kesho yake asubuhi nikaenda kwao, nikamwambia Kanti nitapanda meli leo leo, kwa nauli yangu, nipe filamu yoyote hata isiyo na rangi. Akasema kamera imeshauzwa, na keshokutwa wanapanda ndege. Nikajua ndiyo basi.

Ba akanisikia, akaniita. Niliingia nikapiga magoti, sikuweza kumtazama. Sikutukanwa. Aliniambia nikae, akauliza taratibu, kwa Kikerewe, “Wewe ulifika mpaka mlangoni. Niambie basi yukoje. Uso wake umefifia?”

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, siyo pale kwenye shuka. Nilitafuta kichwani mwangu nikakuta kilemba, nikakuta samaki, nikakuta mwewe wawili. Wekundu na dhahabu, basi. Nilikwenda kisiwani, nikapanda ngazi, nikasimama hatua nne kutoka kwake, na uso wake sikuutazama. Ningeweza kumtungia. Ningesema haujafifia, ingemtosha. Nikasema, “Ba, sikumtazama.”

Akapapasa goti lake. Halafu akasema, “Hata sisi tulikuwa tukifika pale tunatazamana nguo.”

Wakaondoka. Aliishi miaka miwili huko, nilisikia kwa watu. Mimi kamera sijashika tena, na siyo kwa sababu nilikosa kazi, niliitwa studio mbili nikakataa, nikauza vitambaa mpaka nikaolewa. Shangazi Pelagia naye mpaka anaingia kaburini alinidai picha yake, kila nikienda, iko wapi picha yangu, ya Bituro iko wapi, kana kwamba nimewala mimi. Msimlaumu mwanamke kwa kusimama katikati, lakini na mimi msinicheke bila kuuliza nani aliniweka pale.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye lile jiwe peke yangu, mikono mitupu, sikupita hata kijijini. Nikakaa mlangoni toka asubuhi mpaka jua lilipogeuka, nikamtazama. Uso haujafifia. Rangi imetoka kidogo kwenye kidevu na kwenye mkono mmoja, jicho la kushoto limechorwa kubwa kuliko la kulia, na simba ana meno manne, moja limevunjika. Naweza kumweleza mtu kila kitu sasa, mpaka ufa ulioko nyuma ya simba. Hakuna aliyewahi kuniuliza.